Ncha Iliyokosekana

Flaneli nyeupe hupukutika. Ukiishika tu inakuachia manyoya vidoleni, na ukiipitisha chini ya sindano siku nzima, jioni unafungua bamba la cherehani na kukuta humo ndani kitu kama kiota cha ndege. Usipokitoa, meno yanayosukuma kitambaa yanazama, mshono unaruka, uzi unajikunja kwa chini, na fulana ya mtoto mchanga inarudishwa kwako na alama ya chaki nyekundu. Kwa hiyo Fundi alisafisha cherehani yake kila siku saa kumi, hata kama wageni walikuwa wamekaa wanamsubiri. Alifungua kwa bisibisi ndogo, akachokoa kwa mswaki mkuukuu, akafuta, akatia tone moja la mafuta, akafunga, kisha akashona kitambaa kibovu kidogo ili mafuta yaliyozidi yaishie hapo.

Aliiita cherehani yake kwa mazoea tu. Cherehani ilikuwa ya kampuni, pamoja na kitambaa, uzi, mkasi na hata sindano. Vya kwake vilikuwa mikono, kiti na umeme. Kila Jumatatu alipeleka kiwandani fungu la fulana sitini, akapewa lingine, na nyumba ya watu watano ikaendelea kula: yeye, mumewe, mama mkwe na watoto wawili wa shule.

Sharti kubwa lilikuwa kadi ya sindano. Ni karatasi ngumu yenye picha ya sindano. Sindano ikivunjika, unasimama hapo hapo, unatafuta vipande vyote, unavibandika kwa selotepu juu ya picha, na picha ikijaa unapewa sindano mpya. Isipojaa, fungu zima limekwama, kwa sababu kipande kinachokosekana huenda kimo ndani ya fulana, na fulana yenyewe huvaliwa na mtu mwenye siku tatu duniani. Kiwandani kulikuwa na mashine ya kugundua chuma, lakini iliharibika mwaka juzi ikafunikwa shuka, na kazi yake ikapewa kadi. Aliyekosa kipande alifutwa kwenye orodha, na watu wakaja kuchukua cherehani. Fundi aliwajua wanawake wawili waliochukuliwa zao. Mmoja sasa alikuwa akifua nguo za watu. Wa pili alihama bila kuaga.

Sindano ilivunjika siku ya Ijumaa, saa nane mchana, kwenye fulana ya sitini, pale bega linapokutana na ukanda wa shingo na kitambaa kinakuwa tabaka sita. Ililia tak, basi. Fundi aliondoa mguu, akainama. Kipande cha juu kilikuwa bado kimeshikwa na parafujo. Cha kati kilikuwa juu ya kitambaa. Ncha hakuiona, ila hakushtuka, kwani mara nyingi ncha huzama chini ya bamba na kunaswa na yale manyoya. Alivibandika vipande viwili kwenye kadi, akatia kadi mfukoni, akalegeza parafujo za bamba. Hapo ndipo uani walipoanza kuitana kwamba maji yametoka.

Bomba la uani lilikuwa kavu siku nne. Maji hayo yangetoka saa moja au mbili, kisha yangekatika tena, na asiyekuwa kwenye foleni angebaki na ndoo tupu. Ncha haina miguu, Fundi alijiambia. Akabeba ndoo mbili, akaenda.


Majirani walimwita mumewe Injinia, na jina lenyewe lilikuwa na kejeli ndani yake, kwa kuwa kila alichokifungua na kukifunga kilibakiza parafujo moja. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuangalia mtambo wa maji moto kwenye kampuni ya dobi, mpaka ukaletwa mtambo mwingine unaojiangalia wenyewe. Hiyo ilikuwa miezi minane nyuma. Mwanamume anayeshinda nyumbani anakuwa kama kabati: kila mtu anamzunguka. Injinia alijitahidi asizungukwe. Alipiga pasi, alikaza miguu ya viti, aliwaandalia watoto uji, na kila siku alitafuta jambo moja ambalo mkewe akiinuka kwenye cherehani atalikuta limefanyika.

Ijumaa hiyo alirudi kutoka kwenye lango la wajenzi, alikosimama tangu asubuhi. Walihitajika sita, wakachaguliwa sita, naye akawa wa saba. Alimkuta mama yake amelala chumba cha ndani, na mke hayupo. Aliona cherehani haina sindano, parafujo za bamba zimelegezwa, mswaki uko pembeni. Akaelewa moja kwa moja, au alidhani ameelewa: mke wake alikuwa katikati ya kusafisha maji yakatoka. Moyo wake ulichangamka. Hapa kulikuwa na kazi ambayo ameitazama mara mia na anaijua.

Aliifanya vizuri kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote. Alilitoa lile bonge la manyoya likiwa zima. Alichokoa kona zote, akapuliza, akafuta, akatia mafuta tone moja. Alifagia chini ya meza mpaka kwenye nyufa za sakafu. Alizitoa fulana kwenye kikapu kilichokuwa wazi karibu na kiti, akazikung'uta moja moja dirishani, akazifunga kumi kumi kwa kamba. Gari la taka lilipopiga honi kwenye kona, alikimbia na kopo, akamwaga kila kitu. Safari hii hakukubaki parafujo hata moja.

Fundi aliingia na ndoo moja kichwani na nyingine mkononi.

"Nimekusafishia," Injinia alimwambia kabla hajatua. "Mpaka chini ya meno. Angalia mwenyewe, utafikiri imetoka dukani leo."

Alitua ndoo bila kumwaga tone. Akatazama cherehani, akatazama sakafu, akatazama zile fulana zilizofungwa vizuri kwa kamba.

"Takataka umeziweka wapi?"

"Zimeenda na gari. Nimeliwahi."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitoa kadi mfukoni, akamwonyesha, na hakuhitaji kueleza sana, maana kwa miezi minane mume wake alikuwa ameishi chini ya sheria za kadi ile kama yeye. Injinia alivitazama vile vipande viwili na nafasi nyeupe chini yake.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, baba watoto? Hukuwepo."

"Ungeacha hata karatasi."

"Niandike nini? Usinisaidie?"

Alilijutia neno hilo kabla halijamalizika kutoka, lakini lilikuwa limeshatoka. Injinia aligeuka, akashuka ngazi. Alikuwa bado na mafuta ya cherehani kwenye vidole.


Alilifuata gari la taka mitaa mitatu, akalikuta limesimama nyuma ya machinjio. Dereva alipoelezwa alicheka, ila si kwa ubaya. Alisema ana tani tatu za uchafu humo nyuma, kwa hiyo mzee apande tu, atafute ncha yake ya sindano, na akiipata asisahau kumwita ashuhudie. Injinia akapanda. Wapakiaji walikaa kwenye tofali wakivuta sigara na kumshangilia kila alipoinua kitu. Baada ya robo saa dereva alichoka na mchezo, akamwambia ashuke, wana mitaa mingine. Alirudi nyumbani ananuka, na mkewe akammiminia nusu ya ndoo ile ya foleni.

Jumamosi asubuhi alichukua redio yake, kitu pekee cha gharama alichobakiza, akaipasua spika ili atoe sumaku. Aliifunga kwenye fimbo, akaipitisha kwenye sakafu yote, chini ya vitanda, kwenye nyufa, kwenye ngazi mpaka kwenye mlango wa uani. Aliokota pini kumi na moja, kipande cha kiberiti cha gesi, vibanio vya karatasi, na vichuma vingine visivyo na jina. Kila kimoja alikipanga juu ya gazeti. Fundi alikuja na kadi, akapima kimoja baada ya kingine, akatikisa kichwa.

Kisha wakaanza na fulana. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini ulimi wake haukufifia hata kidogo, aliomba awekewe kiti dirishani. Alisema vidole vyao vimekufa ganzi kwa kazi, midomo ndiyo inayojua. Akachukua fulana ya kwanza, akaupitisha mshono wote juu ya mdomo wake wa chini, polepole, bega, kwapa, ubavu. Wakamfuata. Watatu hao walikaa siku nzima wakibusu mishono, na anayepita uani akichungulia aliondoka haraka, akidhani ni msiba.

"Mwanangu mimi, alikuwa akifungua saa tangu mdogo," mama mkwe alimwambia Fundi bila kumtazama mwanawe. "Na sisi hatukuwahi kujua saa ngapi."

"Mama, leo niache," alisema Injinia.

"Nakuacha wapi? Nimekuzaa."

Fundi alicheka, hakupenda kucheka. Ikafika jioni, wamemaliza zote sitini, midomo imekauka kwa manyoya. Hawakupata kitu. Injinia alisema basi, haimo, imeenda na gari. Fundi alisema kutoipata si kutokuwemo. Kwenye ukingo wa shingo kuna tabaka sita, na ncha yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele. Inaweza kulala humo imenyooka, watu wote wakaipapasa wasiijue, mpaka siku kitambaa kikifuliwa na kulegea.

Mama mkwe alikung'uta manyoya kwenye gauni lake.

"Sikiliza, mke wa mwanangu. Kama imeenda na gari, imeenda. Kama imo, mtoto mchanga hulia kwa kila kitu. Analia njaa, analia tumbo, analia usingizi. Nani atajua?"

Alilisema kwa kumfariji. Fundi aliinuka akaenda kuwasha jiko.


Jumapili Injinia alikwenda kwa Suti, fundi wa nguo za kiume mwenye kibanda mtaa wa pili, akamwomba sindano mbili za namba ile ile. Suti alimpa, akauliza kama siku hizi anashona yeye au anashonewa. Injinia alicheka pamoja na wateja waliokuwa wamekaa hapo, akashukuru, akaondoka.

Sindano ya kwanza Fundi alimalizia nayo bega la fulana ya sitini. Ya pili Injinia aliibana kwenye koleo, akaikunja kidogo kidogo mpaka ikakatika pale pale alipotaka. Aliisugua ncha kwenye sakafu ili ing'ae kidogo kama kitu kilichotumika. Akaibandika kwenye kadi. Picha ikajaa.

Fundi aliiweka kwenye mwanga, akaigeuza.

"Hii umeifanya vizuri," alisema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsifu kwa jambo lolote. Injinia hakujua aangalie wapi. Alisema kama mwenyewe ataona ni dhambi basi asiipeleke, yeye hatamlaumu, ila akumbuke kwamba hawana mbele wala nyuma, na ncha huenda muda huu iko chini ya tani tatu za maganda. Fundi alimjibu kwamba anajua, asimfundishe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba atapeleka.


Foleni ya Jumatatu ilianzia getini. Wanawake walikaa juu ya mafungu yao, wakipiga soga, wakichambuana mishono kabla hawajachambuliwa ndani. Mezani alikaa mkaguzi waliyemwita Mama Kioo kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia kilichoning'inia kifuani mwake kama mkufu. Pembeni yake alikaa karani wa daftari, kijana wa tai asiyependa kuguswa. Mashine ya kugundua chuma ilikuwa pale ukutani, imefunikwa shuka lake, na mtu alikuwa ameweka chupa ya chai juu yake.

Mama Kioo alifungua fungu, akahesabu, akavuta mshono mmoja mmoja kwa kidole. Alisema kazi ni safi. Alisema kama wote wangekuwa hivi, angekuwa na macho mpaka leo. Kisha akaichukua kadi, akaweka kioo jichoni. Akaiangalia muda mrefu. Fundi alikuwa amekazia macho ule mkono mwingine wa mkaguzi, uliokuwa umelala juu ya fulana, unazipapasa bila kujua, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyesinzia mapajani.

Mama Kioo alishusha kioo, akashika muhuri.

"Mama," Fundi alisema. "Hiyo ncha si ya sindano hiyo."

Mkono wa muhuri ulisimama. Karani aliinua kichwa.

"Unasema?"

"Ya kwake imepotea. Tumeitafuta siku mbili. Hiyo tumeivunja kwenye sindano nyingine. Sijui kama ya kwanza imo humo au haimo."

Mama Kioo aliweka muhuri chini. Alipoongea aliongea kwa sauti ya chini sana, mpaka Fundi akalazimika kuinama.

"Dada yangu, mimi nimeshaona. Hii imekatwa kwa koleo, naona alama za meno. Naletewa za hivi kila wiki. Nilikuwa nakupitisha." Alimtazama karani kwa pembeni. "Sasa umesema, na huyu amesikia. Unataka nifanye nini?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa hasira, akajiandaa hata kwa kufukuzwa, ila hakujiandaa kwa kitu hiki. Karani alikuwa ameshafungua ukurasa. Aliuliza jina lake, ingawa alilijua, akauliza namba ya cherehani, akauliza ncha ilipotea saa ngapi. Fundi alijibu yote. Mmoja kwenye foleni alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba watu wengine wakiamua kujinyonga wanataka kamba ya kuwatosha wote, maana sasa kadi za kila mtu zitaanza kuchunguzwa. Hakuna aliyembishia.

Alisaini mahali pawili. Malipo ya fungu lile hayakuwepo, cherehani ingefuatwa siku ya Alhamisi, na asitoe kitu chochote ndani yake. Alipokuwa akiikunja nakala yake, aliona mwanamume mwenye mkasi mdogo amekuja kulichukua fungu. Alikaa kwenye stuli ukutani, akafungua kamba za Injinia, akaanza kukata lebo za shingoni. Kila fulana aliyoikata aliirusha kwenye gunia kubwa lililokuwa na nyingine nyingi.

"Hizo zinapelekwa kuchomwa?" Fundi aliuliza.

"Zichomwe nguo mpya?" Mwanamume alicheka. "Hizi zinauzwa kwa kilo. Wanakuja watu wa sokoni."

Fundi alirudi mezani. Mwanamke aliyefuata alikuwa ameshaweka fungu lake, ikabidi amsogeze kwa kiwiko.

"Mama, nimekuambia huenda ina ncha."

"Umeniambia," alisema Mama Kioo. Hakuinua macho. "Na mimi nimeandika huenda. Kampuni imetoa lebo yake. Nguo ikitoka bila lebo si ya kampuni."

"Basi nipeni mimi. Nitazifumua zote. Sitaki hata kitambaa."

"Ni mali ya kampuni," alisema karani.

Gunia lilikuwa limejaa, na yule mwenye mkasi alikuwa akilikandamiza kwa goti ili fulana zaidi ziingie. Mama Kioo alimwambia, safari hii kwa sauti ya kawaida ya kazi, apishe wenzake.


Injinia alikuwa amesimama uani tangu saa nne, akijifanya anakaza koki ya bomba. Alimwona mkewe anaingia mikono mitupu, bila fungu jipya, akajua. Hakuuliza kuhusu kazi.

"Zile fulana wamezifanyaje?"

Fundi alimtazama. Tangu Ijumaa mtu huyu hakuwa amelala. Alikuwa akiamka alfajiri anakaa kwenye kiti cha cherehani, anapapasa chini ya bamba kwa kidole, mahali ambapo hakukuwa na kitu tena.

"Wamezichoma."

"Zote?"

"Zote. Kuna pipa nyuma kule. Nimesubiri mpaka zikaisha."

Injinia aliachia koki. Alivuta pumzi ndefu, akakaa chini kwenye sementi, akafuta uso kwa mikono yote miwili.

"Afadhali," alisema. "Hayo mengine tutaona."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Macho hayakuona mbali, lakini alikuwa amemsikiliza Fundi kwa miaka kumi na tatu na aliijua sauti yake ikiwa na kitu ndani. Alifungua mdomo. Fundi alimtazama tu. Yule mama aliufunga mdomo, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumtania mwanawe tena kuhusu saa.

Alhamisi walikuja watu wawili na karatasi. Mmoja alifungua bamba kwa bisibisi yake mwenyewe, akamulika tochi, akaita mwenzake aje aone. Alisema amekusanya cherehani za watu arobaini, hajaona safi kama hii, atakayepewa amepata bahati. Injinia aliwasaidia kuishusha ngazi. Aliwaonyesha mahali pa kushika ili isiwaumize vidole. Mezani palibaki alama nne za miguu ya cherehani, na mwezi huo huo mwenye nyumba akachukua meza nayo, kwa kodi.


Sokoni, upande wa nguo, magunia hufunguliwa Jumanne na Ijumaa. Fundi alianza kwenda wiki ya pili. Nyumbani alisema anatafuta vibarua vya kushona vifungo, na kweli siku nyingine alivipata. Ila kwanza alizunguka. Alipita kibanda hadi kibanda, akiangalia marundo ya nguo za watoto, akitafuta flaneli nyeupe yenye ukanda wa bluu shingoni na uzi uliokatwa mahali lebo ilipokuwa. Zilikuwa nyingi. Nusu ya wanawake wa mji ule walishona fulana kama ile. Alizigeuza ndani nje kutafuta mkono wake, na mara mbili aliupata: yeye hurudisha mshono mara tatu kwenye bega, wenzake hurudisha mara mbili. Hizo mbili alizinunua, akazifumua nyuma ya choo cha soko. Hazikuwa na kitu. Zilibaki hamsini na nane, na nyingine zilikuwa zimeshavaliwa.

Wauzaji walianza kumjua. Mmoja alimfukuza, akamwita mchawi wa biashara, kwa kuwa aliwahi kumnong'oneza mteja mjamzito apapase shingo ya fulana kwanza, na mteja akaiweka chini akaondoka. Baada ya hapo Fundi hakumwambia mtu tena. Alipapasa tu mwenyewe.

Ijumaa moja aliinama kwenye rundo jipya la mwanamke mgeni, aliyekuwa ametoka kulifungua gunia lake na bado hajapanga bei. Alikuta moja yenye mishono mitatu begani. Akaikunja shingo katikati ya vidole, akaipitisha polepole, kisha akaiinua akaigusisha mdomoni. Muuzaji alimtazama, akatabasamu, akadhani anajua anachokiona.

"Laini, eh? Chukua hata tatu, nitakufanyia. Mtoto mwenyewe ana miezi mingapi?"

"Sijui," alisema Fundi, akachukua nyingine.